Keiichi Tanaami: Msanifu wa Majalada ya Santuri na Michoro Inayotembea

Katika sanaa ya picha ya karne ya 20 ni wachache waliofanya kazi kwa muda mrefu kwenye mpaka wa usanifu wa matangazo, majalada ya santuri na filamu za katuni kama Keiichi Tanaami, Mjapani aliyezaliwa Tokyo mwaka 1936 na kufariki mwaka 2024. Wengi wanaomtaja humweka katika kundi la wasanii wa saikedeliki, yaani mtindo wa muziki na picha ulioibuka katikati ya miaka ya 1960 na kujaribu kuiga hali ya akili iliyotoka katika mazoea yake, kwa rangi kali zinazogombana, maumbo yanayoyeyuka na sauti zinazojirudia bila kuchoka. Uainishaji huo una ukweli wake, kwa kuwa ni majalada ya santuri za muziki huo yaliyolitangaza jina la Tanaami kwa vijana wa Japani, lakini unaficha jambo lililo zito zaidi, nalo ni kwamba mwanga ule ambao vijana wa California waliufuata katika kumbi za dansi, Tanaami alikuwa ameuona tayari akiwa mtoto wa miaka minane, angani, juu ya mji uliokuwa ukiungua. Muziki wa chini kwa chini, yaani ule uliotungwa na kupigwa mbali na mkondo wa redio kubwa na ladha ya wengi, ndio uliompa ruhusa ya kuutoa mwanga huo kifuani na kuuweka kwenye karatasi, na baadaye kwenye filamu.

Tanaami alizaliwa tarehe 21 Julai 1936, mtoto wa kwanza wa mfanyabiashara wa jumla wa nguo katika mtaa wa Kyobashi, karibu kabisa na kitovu cha biashara cha Tokyo. Utoto wake ulikutana na Vita vya Pili vya Dunia. Usiku wa tarehe 9 kuamkia 10 Machi 1945, ndege za Marekani aina ya B-29 ziliimwagia Tokyo mabomu ya moto, na inakadiriwa kwamba watu wapatao 100,000 walipoteza maisha katika usiku huo mmoja. Mashambulizi mengine yaliendelea katika miezi iliyofuata. Kumbukumbu ambayo Tanaami aliieleza mara nyingi katika maisha yake yote ni ya nyumba ya babu yake, mzee aliyefuga samaki wa dhahabu wenye maumbo ya ajabu, ambako mwanga wa mabomu na wa taa kubwa za kutafutia ndege uliakisiwa katika tangi la samaki, ukayafanya magamba yao yang'ae wakati watu wakikimbilia mahandaki. Anayeujua mkasa huo hawezi tena kuwatazama kama pambo tupu samaki wanaojaa katika kazi zake, wengine wakiwa na miguu ya binadamu, wengine wakipita katikati ya ndege za kivita zenye vichwa vya majogoo.

Baada ya vita Japani ilikaliwa na majeshi ya washindi, na kwa mtoto wa Tokyo hali hiyo ilileta mgongano ambao haukumwacha hadi uzee: taifa lililorusha mabomu ndilo sasa lililoleta filamu, vitabu vya katuni na sanamu za kuchezea zenye rangi zisizopata kuonekana katika mji wa majivu. Tanaami alizitazama filamu za Kimarekani kwa wingi, zikiwemo za daraja la chini ambazo wakosoaji hawakuzijali, na mitaani alisikiliza wasimuliaji wa kamishibai, ambao walipita na sanduku la mbao lililobebwa kwa baiskeli na kusimulia hadithi huku wakibadilisha picha moja baada ya nyingine mbele ya watoto. Fundi huyo wa mitaani, mwenye mfululizo wa picha, sauti inayoziunganisha na watazamaji waliosimama barabarani, alikuwa na karibu kila kitu ambacho filamu ya katuni inahitaji isipokuwa kamera. Katika ujana wake Tanaami alikuwa akitembelea studio ya mchoraji wa vibonzo Kazushi Hara, akiwa na ndoto ya kufuata kazi hiyohiyo, lakini Hara alifariki ghafla na ndoto hiyo ikageukia usanifu wa michoro, yaani kazi ya kupanga picha na maandishi kwa ajili ya kuchapwa.

Alisoma katika Chuo Kikuu cha Sanaa cha Musashino, na mwaka 1958, akiwa bado mwanafunzi, alipata tuzo katika maonyesho ya chama cha wasanii wa matangazo cha Japani, ambayo wakati huo yalikuwa lango la kila kijana aliyetaka kuheshimiwa katika fani hiyo. Alipohitimu aliajiriwa na Hakuhodo, mojawapo ya kampuni kubwa za matangazo nchini humo, lakini hakukaa sana, kwa sababu kazi za watu binafsi zilizomjia pembeni zilizidi zile za ofisini. Hatua hiyo ya kuacha ajira ya uhakika yafaa itazamwe kwa makini, maana Japani ya mwanzo wa miaka ya 1960 ilikuwa ikijenga uchumi wake kwa kasi na mshahara wa kampuni kubwa ulikuwa ndio njia iliyonyooka, ilhali upande wa pili palikuwa na kundi dogo la vijana walioamini kwamba sanaa, muziki, tamthilia na siasa za mitaani ni jambo moja lisilogawanyika.

Kundi hilo lilikuwa na nyumba yake, nayo ni Kituo cha Sanaa cha Sogetsu katika mtaa wa Akasaka. Sogetsu ilikuwa kwanza shule ya kupanga maua iliyoanzishwa na Sofu Teshigahara mwaka 1927. Mwaka 1958 ilipata jengo jipya lililobuniwa na msanifu majengo Kenzo Tange, na mtoto wa mwasisi, mwongozaji wa filamu Hiroshi Teshigahara, akaufanya ukumbi wake kuwa makao ya majaribio ya kila aina. Watunzi Toru Takemitsu na Toshi Ichiyanagi walisikika pale, Yoko Ono alitoa onyesho lake pale mwaka 1962, na mwaka huohuo John Cage, mtunzi wa Kimarekani aliyefundisha kwamba kelele na ukimya navyo ni muziki, alifika na mpiga piano David Tudor, akawaacha vijana wa Tokyo wakibishana kwa miaka. Mwaka 1964 mchoraji Robert Rauschenberg alipoitembelea Japani, ukumbi huohuo ulimpokea, na Tanaami alikuwa miongoni mwa vijana waliopata kukaa naye. Nchi nyingine nyingi zilikuwa na wanamuziki wa majaribio na zilikuwa na wachoraji wa matangazo. Kilichokuwa cha pekee Tokyo ni kwamba watu hao waliketi katika viti vya ukumbi mmoja, usiku uleule, na msanifu wa mabango aliyetoka pale kesho yake alikwenda kazini akiwa na masikio mengine.

Mwaka 1960 wachoraji watatu, Yoji Kuri, Ryohei Yanagihara na Hiroshi Manabe, walianza kuonyesha katika ukumbi wa Sogetsu filamu fupi za katuni walizozitengeneza wenyewe, bila studio kubwa nyuma yao. Jambo hilo lilikuwa la kishujaa kwa kiasi fulani, kwa kuwa uhuishaji, yaani sanaa ya kuifanya michoro ionekane kutembea, ni kazi inayokula watu. Filamu hupita mbele ya taa ya projekta kwa fremu 24 kila sekunde, na hata mchoraji akiupiga picha kila mchoro mara mbili ili kujipunguzia mzigo, bado dakika moja tu humdai michoro 720. Ndiyo sababu kazi hiyo ilikuwa mikononi mwa viwanda kama Toei, kilichotoa filamu ndefu ya katuni ya rangi mwaka 1958, na baadaye studio ya Osamu Tezuka, ambayo mwaka 1963 ilianza kurusha katika televisheni mfululizo wa mtoto wa roboti ulioifanya Japani nzima ikae mbele ya skrini kila wiki. Kuri na wenzake walidai kwamba mtu mmoja anaweza kuchora filamu kama mtu mmoja anavyoandika shairi, na kuanzia mwaka 1964 Sogetsu iliitisha tamasha la uhuishaji lililowakaribisha hata wasanifu wa matangazo ambao hawakuwahi kugusa kamera. Tadanori Yokoo, aliyezaliwa mwaka mmoja na Tanaami na ambaye angekuwa msanifu maarufu kuliko wote wa kizazi hicho, alishiriki. Na mwaka 1965 Tanaami alileta filamu yake ya kwanza, iliyohusu vibaraka waliovaa vinyago, ambayo aliitengeneza kwa msaada wa karakana ya Kuri.

Wakati huohuo alikuwa akifanya jambo jingine ambalo lingeiongoza kazi yake yote. Badala ya kuchora picha moja ya kuuzwa kwa tajiri mmoja, alitumia uchapaji wa skrini ya hariri, yaani njia ya kusukuma wino kupitia kitambaa kilichozibwa mahali pasipotakiwa rangi, ili picha moja itoke mara nyingi ikiwa na rangi tofauti kila mara. Mfululizo wake wa mwaka 1965 ulioitwa ORDER MADE!! ulijengwa kwa mbinu hiyo, na vitabu vyake, kimoja kilichotoka mwaka 1963 na kingine kilichobeba jina lake mwenyewe mwaka 1966, vilikuwa kazi za sanaa zilizochapwa kwa wingi kwa makusudi. Marudio yalikuwa msingi wa imani yake. Umbo lililorudiwa mara tano kwenye ukurasa, kila moja na rangi yake, tayari lina mdundo, na mtu aliyezoea kupanga ukurasa wa namna hiyo ana umbali mfupi sana wa kusafiri hadi kwenye fremu za filamu.

Mwaka 1967 Tanaami alikwenda New York, na huko akakutana na kazi za Andy Warhol zikiwa zimeushika mji. Kilichomgusa kwa Warhol kilikuwa zaidi ya picha zenyewe, kwa maana mtu huyu alikuwa mchoraji wa matangazo kama yeye, na alikuwa akitumia mbinu za matangazo kujitangaza mwenyewe, huku akiingiza mikono yake katika filamu, magazeti na bendi ya muziki bila kuomba radhi kwa yeyote. Tanaami aliamua kwamba naye hatajifunga katika fani moja wala kutambua ukuta kati ya kazi ya mteja na kazi ya msanii, na uamuzi huo aliushika hadi kifo chake.

Marekani ya mwaka huo ilikuwa pia katika kilele cha muziki mpya uliotoka San Francisco. Katika mtaa wa Haight-Ashbury na kumbi kama Fillmore na Avalon, bendi zilizoanza bila mkataba wowote zilipiga nyimbo ndefu mbele ya kuta zilizomwagiwa mwanga wa rangi, uliotengenezwa kwa mafuta na maji yaliyotiwa rangi juu ya kioo cha projekta. Mabango ya maonyesho hayo yalizaa shule nzima ya usanifu. Wes Wilson alizikunja herufi hadi zikawa kama moshi, na Victor Moscoso, ambaye alifundishwa Yale na Josef Albers, bingwa wa nadharia ya rangi, aliyafanya mabango yake yatetemeke kwa kuweka pamoja rangi mbili zilizo kinyume, kwa mfano nyekundu na kijani, zikiwa na nguvu sawa, kiasi kwamba jicho hushindwa kuamua ipi iko mbele na ipi iko nyuma. Ni elimu ya macho iliyotumiwa kutoa kwenye karatasi kile ambacho gitaa la umeme lilikuwa likikitoa kwenye spika.

Jefferson Airplane, bendi iliyoundwa San Francisco mwaka 1965, ilikuwa kati ya za kwanza kuvuka kutoka kumbi hizo hadi kampuni kubwa ya RCA Victor, na muziki wake ulipoletwa Japani, Tanaami ndiye aliyepewa kazi ya picha. Alichora pia kwa ajili ya Monkees, ambao ni kinyume chao kabisa kwa asili, kwa sababu waliundwa kwa ajili ya kipindi cha televisheni, ingawa santuri zao zilisambazwa na kampuni ileile. Huenda msomaji akaona ajabu kwamba mkono mmoja ulihudumia bendi ya wahipi na bendi ya televisheni kwa rangi zilezile. Lakini kwa kijana wa Tokyo aliyesimama katika duka la santuri, bila kujua Kiingereza na bila kupata kuuona ukumbi wa Fillmore, tofauti hiyo haikuwepo. Kilichokuwepo ni jalada la karatasi ngumu lenye upana wa sentimita 30 hivi, na jalada hilo ndilo lililomwambia muziki huu unatoka katika nchi gani ya ndoto. Msanifu alikuwa mkalimani wa sauti, na Tanaami alitafsiri kwa uhuru mkubwa: nyuso zilizokatwa kwa mistari minene, nywele zinazotiririka kama mito, wino wa waridi ukikabiliana na wa buluu na wa machungwa, pamoja na alama za Kimarekani zilizochukuliwa kutoka vibonzo na matangazo ambayo mchoraji aliyapenda utotoni na hakuacha kuyashuku.

Shaka hiyo ilijitokeza wazi mwaka 1968. Jarida la Avant Garde la New York, lililohaririwa na Ralph Ginzburg na kusanifiwa na Herb Lubalin, liliitisha shindano la mabango ya kupinga vita wakati majeshi ya Marekani yakipigana Vietnam, na bango la Tanaami lenye maneno NO MORE WAR likapata tuzo. Bango hilo lina furaha ya jalada la muziki wa vijana, na kwa mbali mtu angedhani linatangaza onyesho la bendi. Hapo ndipo nguvu yake ilipo. Mtu aliyelichora alikuwa amekaa chini ya ndege za B-29, na sasa aliwapelekea Wamarekani ombi lake kwa lugha ya rangi ambayo vijana wao wenyewe walikuwa wakiitumia kukataa kwenda vitani, wakati vituo vya kijeshi vya Marekani vilivyokuwa Japani vikitumika katika vita hivyo na wanafunzi wa Tokyo wakipambana na polisi barabarani.

Kuanzia mwaka 1971 Tanaami aliongeza kasi katika filamu, na miaka mitano iliyofuata ndiyo iliyompa nafasi yake halisi katika historia ya uhuishaji. Mwaka huo alitoa Commercial War, Good-by Marilyn na Good-by Elvis and USA, filamu fupi ambazo zinachukua nyuso na alama za utamaduni wa Kimarekani, kuanzia Marilyn Monroe hadi Elvis Presley, na kuzifanya zipasuke, ziyeyuke na kugeuka vitu vingine kabla mtazamaji hajazizoea. Hazina hadithi yenye mwanzo na mwisho. Zimejengwa kama muziki, kwa mdundo, kiitikio na mapumziko, na picha inayorudi hurudi kwa sababu mdundo umeiita. Majina yenyewe yanaaga, na kuaga huko kuna mapenzi na hasira ndani yake. Mwaka 1973 alitengeneza Oh Yoko!, filamu iliyojengwa juu ya wimbo wa John Lennon kutoka albamu ya mwaka 1971, yaani miaka minane kabla ya kituo cha MTV kuanzishwa na kuifanya filamu fupi ya wimbo kuwa biashara ya dunia nzima. Anayetafuta asili ya video za muziki za katuni hana budi kupita hapa, ingawa vitabu vingi vya historia ya video huanzia London au New York na kuiruka Tokyo kabisa.

Mwaka 1975 zilifuata filamu zenye utulivu zaidi na zenye kina zaidi. Katika Crayon Angel alirudi waziwazi kwenye utoto wake, akiunganisha picha za familia, ndege, milipuko na nyuso zilizofifia kama zilizochapwa kwenye gazeti la zamani. Mbinu yake ilikuwa kutumia vitone vya uchapaji, yaani zile nukta ndogo ambazo kwa mbali huonekana kuwa picha na kwa karibu hutawanyika, na kuzikuza mpaka kumbukumbu ionekane ikikusanyika na kusambaratika papo hapo. Hakuna mbinu iliyo mwaminifu zaidi kwa namna mtoto anavyokumbuka vita, na kwa hukumu ya mwandishi wa makala haya ndiyo filamu yake bora kuliko zote. Kazi za kipindi hicho zilionyeshwa katika matamasha ya nje, likiwemo la filamu fupi la Oberhausen nchini Ujerumani. Nyumbani mambo hayakuwa laini: mwaka 1976 maonyesho yake ya Super Orange of Love katika jumba la Nishimura yalivamiwa na polisi kwa ukaguzi siku ya ufunguzi, kwa sababu ya picha zake za mapenzi, na yakafungwa.

Tanaami hakuwa msanii wa pembezoni kwa riziki. Mwaka 1975 aliteuliwa kuwa mkurugenzi wa kwanza wa sanaa wa toleo la Kijapani la jarida la Playboy, na katika safari ya kikazi New York alifikishwa hadi kwenye karakana ya Warhol yenyewe. Mchana alisimamia kurasa za jarida lililouzwa kila kona ya nchi, na usiku alichora filamu ambazo zingetazamwa na watu wachache katika vyumba vidogo. Ratiba hiyo ilikuwa na gharama. Mwaka 1981, akiwa na umri wa miaka 45, aliugua kifua kikuu na kulazwa kwa karibu miezi minne, na kutokana na dawa kali aliona maono usiku baada ya usiku: misonobari ya bustani ya hospitali ikijikunja na kutembea, na mandhari ya mchoro wa Salvador Dalí yakiingia chumbani. Aliyaandika na kuyachora maono hayo kila siku. Mtu ambaye kwa miaka 15 alikuwa akichora ukungu wa akili kwa niaba ya wanamuziki sasa aliupata mwilini mwake, bila muziki wowote, kitandani. Kazi zilizofuata zilijaa misonobari iliyosokotwa, korongo, tembo na bustani za peponi, na rangi zake zikaacha kugombana kama zamani.

Mwaka 1991 alianza kufundisha akiwa profesa katika Chuo Kikuu cha Sanaa na Usanifu cha Kyoto, ambako miongoni mwa wanafunzi wake alikuwemo Tabaimo, msanii wa video za michoro aliyekuja kujulikana kimataifa. Huko pia alimvuta Nobuhiro Aihara, mhuishaji aliyezaliwa mwaka 1944 na aliyekuwa na mkono tofauti kabisa na wake, wa mistari myembamba ya penseli inayojikusanya polepole. Tangu mwanzo wa miaka ya 2000 wawili hao walitengeneza mfululizo wa filamu fupi, mojawapo ikiwa Scrap Diary ya mwaka 2002, kwa utaratibu wa kupeana zamu: mmoja alichora sehemu yake na kumpelekea mwenzake, naye akajibu kwa michoro, bila kukubaliana mapema hadithi itaelekea wapi. Utaratibu huo unafanana sana na majibizano ya malenga wawili wa Kiswahili, ambapo kila ubeti hulazimika kuupokea uliotangulia na kuugeuza, na matokeo yake ni filamu ambazo hata watengenezaji hawakuweza kuzitabiri. Ushirikiano huo uliendelea hadi Aihara alipofariki mwaka 2011.

Wakati huohuo kizazi kipya kilianza kuzifukua kazi zake za miaka ya 1960. Kwa muda mrefu majumba ya makumbusho ya Japani yalimwona kuwa msanifu tu, na wasanifu walimwona kuwa msanii. Walioivunja hali hiyo ni vijana wa muziki na mavazi, waliokuwa wakinunua santuri za zamani kwa ajili ya majalada yake, pamoja na jumba dogo la maonyesho la Tokyo lililofunguliwa mwaka 2005 kwa jina la Nanzuka Underground, ambalo lilianza kumwonyesha kama mchoraji aliye hai na mwenye kazi mpya. Kutoka Wales likaja ombi lililoirudisha taaluma yake kwenye chanzo chake. Super Furry Animals, bendi iliyoundwa Cardiff mwaka 1993 na iliyopata kuimba albamu nzima kwa Kiwelisi, ilimwomba atengeneze jalada la albamu yake Hey Venus! ya mwaka 2007, na miaka miwili baadaye alishirikiana na Pete Fowler, mchoraji wa siku nyingi wa bendi hiyo, katika jalada la Dark Days/Light Years. Albamu hizo zilitolewa na Rough Trade, kampuni iliyochipuka kutoka duka la santuri la London lililofunguliwa mwaka 1976 na kuwa tegemeo la wanamuziki waliokataliwa na kampuni kubwa. Tanaami alikuwa na umri wa zaidi ya miaka 70, na wasikilizaji wengi wa bendi walidhani wanatazama kazi ya kijana.

Majumba makubwa yalifuata. Mwaka 2015 Walker Art Center ya Minneapolis na Tate Modern ya London ziliandaa, kila moja kwa upande wake, maonyesho yaliyolenga kuonyesha kwamba sanaa ya popu, yaani ile iliyojengwa kwa picha za matangazo, vibonzo na vifungashio, haikuwa mali ya New York na London peke yake, na Tanaami akawa mmoja wa mashahidi wakuu wa hoja hiyo. Katika michoro yake mikubwa ya miaka hiyo, majogoo ya Ito Jakuchu, mchoraji wa Kyoto wa karne ya 18, yanapigana angani na ndege za kivita, katikati ya wanawake wa katuni za Kimarekani, mafuvu, miali ya mwanga na samaki wa babu yake. Mwaka 2020, janga la UVIKO-19 lilipofuta maonyesho na safari, alijifungia katika studio na kuanza kunakili picha za Picasso za mama na mtoto, moja baada ya nyingine, mpaka zikafika mamia, na katika kila nakala aliingiza mistari na rangi zake mwenyewe. Ilikuwa mbinu ileile ya ORDER MADE!! iliyorudi baada ya miaka 55, safari hii bila mteja na bila mashine ya uchapaji.

Maonyesho makubwa ya kwanza ya kazi zake zote katika jumba la taifa yalifunguliwa Tokyo, katika Kituo cha Taifa cha Sanaa, tarehe 7 Agosti 2024, kwa jina lililohusu safari za kumbukumbu. Tanaami, aliyekuwa mgonjwa tangu miezi ya kati ya mwaka huo, alifariki tarehe 9 Agosti, siku mbili baada ya milango kufunguliwa, akiwa na umri wa miaka 88. Maonyesho yaliendelea hadi tarehe 11 Novemba, na yalimpanga kama alivyokuwa ametaka kupangwa tangu arudi kutoka New York mwaka 1967: mabango, majalada ya santuri, kurasa za majarida, michoro mikubwa na filamu zikiwa chini ya paa moja, bila kutenganisha kazi zilizolipiwa na zile alizozifanya kwa ajili yake mwenyewe.